Kifungo kina mwisho, rekodi nayo iwe na mwisho

Mtu aliyehukumiwa na mahakama, akatumikia kifungo chake hadi siku ya mwisho, amelipa. Akija chuoni akiwa na umri wa miaka 38, mvi zimeanza kumtoka ndevuni, akasema anataka kusoma, jibu linalomstahili ni moja: karibu, keti. Huo ndio msimamo wetu, na tunautanguliza kwa sababu Kenya bado haijautimiza. Kwa jinsi mambo yalivyo leo, chuo kinaweza kumpokea mtu huyo, kikachukua karo yake, kikamfundisha miaka miwili, kisha akafika kwenye lango la kazi akarudishwa kwa kosa alilokwisha kulilipia tangu ujana wake.

Tuanzie Bodo. Kijiji hiki cha wavuvi kipo kusini mwa Msambweni, Kwale, kwenye mikoko, na hapa ndipo watu hupandia mashua za kwenda kisiwa cha Funzi. Tuseme yupo hapa mwanamume wa umri huo. Alipokuwa na miaka 22 alifuatana na wenzake usiku, wakavunja nyumba ya mapumziko Diani, wakabeba televisheni na simu. Walishikwa. Yeye alikiri kosa mbele ya hakimu, akapewa miaka mitatu. Kwa sheria ya magereza, mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo alikaa ndani miaka miwili. Huko alipangiwa karakana ya useremala. Aliingia hajui kushika randa, akatoka anaweza kuunda mlango na fremu yake.

Tangu siku hiyo hajarudi mahakamani. Mashua ikivuja Bodo, yeye ndiye anayeitwa. Hung'oa kalafati iliyooza kati ya mbao, hupigilia mpya kwa nyundo na patasi butu, kisha hupaka mafuta ya sifa chombo kirudi majini. Ana mke, ana watoto wawili shuleni. Mikono yake inajua kazi. Anachokosa ni cheti, na cheti kinapatikana chuoni.

Mtu huyu ni wa mfano, hatumlengi jirani wa yeyote. Njia anayopita, lakini, ni ya kweli, na wapo wengi Kwale wanaoipita kimyakimya. Twende nayo.

Mlango wa kwanza uko wazi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kupata elimu. Hakikuongeza maneno "ila aliyewahi kufungwa", wala hakikuweka umri wa mwisho. Vyuo vya ufundi hupokea watu wazima. Anayetaka kuona mfano wa umri na amtazame Kimani Maruge, mpiganaji wa Mau Mau aliyeingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004, akiwa na miaka 84. Alikaa dawati moja na watoto wenye umri wa wajukuu wake, na mwaka uliofuata alisimama New York kuwaambia wakuu wa dunia kwamba elimu ya msingi inafaa kuwa ya bure. Baada ya Maruge, hakuna mtu wa miaka 38 nchini Kenya anayepaswa kuambiwa kwamba wakati wake umepita.

Hata hivyo siku ya kwanza darasani si nyepesi, na wakuu wa vyuo wanapaswa kulijua hilo. Mwanafunzi huyu ana aibu mbili kifuani. Ya kwanza ni umri. Anaingia, vijana wa miaka 19 wananyamaza wakidhani ni mwalimu, mmoja anamwamkia "Shikamoo", naye anajibu "Marahaba" kisha anatafuta kiti miongoni mwao. Mwalimu mwenyewe huenda ni mdogo kwake. Aibu ya pili haionekani, nayo ndiyo nzito. Kila mara karani anapoita majina ofisini, kila mara fomu mpya inapogawiwa, anajiuliza kama leo ndiyo siku watakayomuuliza alikuwa wapi ile miaka miwili. Mtu anayesoma na hofu hiyo moyoni hasomi sawa na wenzake. Wapo wanaoacha kabla ya muhula wa pili, na chuo huandika tu kwamba mwanafunzi hakurudi.

Fedha nazo zinamkwepa. Katiba yetu inamtaja kijana kuwa ni mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafika 35. Mifuko na mipango mingi ya serikali imefungwa kwenye mstari huo. Mtu aliyefungwa akiwa na miaka 22, akatoka akiwa na 24, akatumia zaidi ya miaka kumi kutafuta chakula na kurudisha jina lake kijijini, hushtuka amevuka mstari kabla hajapata kitu. Alipokuwa kijana kisheria, hakuwa tayari. Sasa yuko tayari, na mikopo ya vijana haimhusu tena. Kaunti ya Kwale ilianzisha mpango wa Elimu ni Sasa wakati wa Gavana Salim Mvurya, na umewafikisha mbali watoto wengi wa maskini. Tunamwomba Gavana Fatuma Achani na kamati za basari za wadi wamkumbuke pia huyu mtu mzima. Naye ni mtoto wa maskini, ila amekua.

Tuje kwenye mlango wa pili, ulio mgumu zaidi. Ni cheti cha tabia njema.

Mtu wa Bodo akitaka cheti hicho hujaza maombi kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hulipa shilingi 1,050, huchapisha fomu, kisha hufunga safari. Bodaboda hadi barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga, matatu hadi Ukunda, nyingine hadi Kombani, kisha kupanda mlima hadi mjini Kwale, kwenye kituo cha Huduma. Hapo afisa hupaka wino mweusi, hukamata kidole kimoja kimoja na kukibingirisha kwenye karatasi kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi mwingine. Vidole kumi vyote, kisha vinne vya kila mkono kwa pamoja, kisha gumba. Vidole vya seremala na vya mvuvi vimelika na kazi, mistari yake haitoki vizuri, na mara nyingine afisa humwambia apanguse arudie. Kwa kijana asiye na kesi, hilo ni jambo la asubuhi moja. Kwa mtu wetu, kila kidole kinachokandamizwa kinamrudisha kituo cha polisi cha mwaka ule. Mara ya mwisho kupakwa wino huo, alikuwa amefungwa pingu.

Karatasi hizo hupelekwa kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, zikalinganishwa na kumbukumbu zilizopo. Majibu yakirudi, kosa lake limo: jina la kosa, mahakama, mwaka, adhabu. Miaka 16 imepita, na cheti kinaeleza kana kwamba ni jana. Hakuna mstari unaosema kwamba tangu hapo hajafanya kosa lolote. Hakuna mstari unaosema kwamba alijifunza kazi, kwamba analea, kwamba kijiji kinamtegemea. Cheti kinaitwa cha tabia njema, lakini hakipimi tabia ya mtu ilivyo leo.

Na cheti hicho kinadaiwa kila mahali. Anayetaka kusajiliwa kuwa mwalimu na Tume ya Huduma za Walimu hukitoa. Dereva anayetaka beji ya kubeba abiria hukitoa. Bawabu hukitoa, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016 inayosimamia ulinzi wa kibinafsi. Huku pwani ya kusini, ambako hoteli za Diani ndizo tegemeo la ajira, idara za wafanyakazi hukidai hata kwa anayekuja kurekebisha vitanda na milango. Mwanafunzi wetu anaweza kufaulu mitihani yote, akashindwa kupata mahali pa kwenda kujifunzia kazi kwa miezi mitatu, na bila miezi hiyo hahitimu.

Sheria iliyomfunga ilitaja mwanzo na mwisho wa kifungo. Sheria ya kumaliza rekodi hatuna. Kenya haina sheria ya jumla inayosema kwamba kosa la mtu mzima, baada ya miaka kadhaa ya mwenendo mzuri, lifutwe kwenye cheti anachopewa mwajiri. Njia kubwa iliyopo ni msamaha wa Rais chini ya Kifungu cha 133 cha Katiba, kupitia kamati ya ushauri iliyowekewa sheria mwaka 2011. Njia hiyo ina heshima yake, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya kila seremala wa Bodo aliyeiba televisheni.

Linganisheni na Kifungu cha 99 cha Katiba hiyo hiyo. Kinamzuia kugombea ubunge mtu ambaye bado anatumikia kifungo cha miezi sita au zaidi siku ya kujiandikisha au siku ya uchaguzi. Akishamaliza, kwa kipengele hicho hazuiliwi tena. Kura nayo wafungwa walipiga wakiwa ndani katika Uchaguzi Mkuu wa 2017. Kwa hiyo nchi inakubali kwamba mtu aliyemaliza kifungo cha kuvunja nyumba anaweza kutuma maombi ya kututungia sheria Bungeni. Kama anaaminika kiasi hicho, anaaminika kupewa msumeno.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wa Bodo, Munje, Shirazi na Gazi wanapaswa kulielewa vizuri. Faini ni hukumu. Kijana akikamatwa kwenye msako na msokoto wa bhangi, au akashtakiwa kwa kukata mikoko bila kibali, au kwa pombe ya mnazi, jamaa humwambia akiri ili atozwe faini arudi nyumbani. Wakili hawana. Dhamana hawana. Anakiri, jamaa wanachangishana, faini inalipwa, wote wanapumua. Hakuna aliyewaambia kwamba rekodi imefunguliwa siku hiyo, na kwamba itamngoja kijana wao kwenye meza ya Huduma miaka kumi baadaye. Tunawasihi mahakimu wa mahakama ya Kwale wamweleze mshtakiwa jambo hili kwa Kiswahili au Kidigo chepesi kabla hajakiri. Mwendesha mashtaka naye ana sera, iliyozinduliwa mwaka 2019, ya kuelekeza kesi ndogo nje ya mahakama kwa masharti. Itumike. Kesi ya msokoto mmoja wa bhangi isigharimu maisha mazima ya kazi.

Tunajua upande wa pili unavyosema, na hatuupuuzi. Mwenye hoteli atauliza: mgeni wangu akiibiwa, nitajibu nini? Mama aliyevunjiwa nyumba atauliza: na mimi je, nani amenifutia hofu yangu? Maswali hayo ni ya haki. Aliyeumizwa hatakiwi kunyamazishwa ili aliyemuumiza apate nafasi.

Jibu letu ni kwamba makosa hayalingani, na sheria yenyewe inajua kuyatenganisha. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012 inataja waziwazi makosa ya kingono na makosa dhidi ya mwanafunzi kuwa sababu ya kumwondoa mtu katika ualimu. Hapo hatubishani. Aliyemdhulumu mtoto asikaribie darasa la watoto hata baada ya miaka 30. Aliyekula fedha za umma asipewe ufunguo wa hazina. Lakini kosa la kijana wa miaka 22 aliyeiba televisheni lina uhusiano gani na kuranda mbao akiwa na miaka 38? Swali sahihi la mwajiri ni hilo: kosa hili, na kazi hii, na miaka iliyopita, vinahusiana vipi? Leo swali hilo haliulizwi. Karani anaona neno moja kwenye karatasi, anairudisha.

Usalama wenyewe unadai tufikiri hivyo. Aliyetoka jela akakosa kazi, akakosa chuo, akakosa hata wa kumjibu salamu, amebakiwa na mlango mmoja, ule aliouzoea. Wapo wanaomngojea nje yake. Wauza unga wanamngojea. Waliowavusha vijana wa Kwale kwenda Somalia hawakuwadai cheti cha tabia njema. Mwezi Aprili 2015 serikali, kwa kinywa cha Waziri Joseph Nkaissery, iliwaita waliojiunga na Al-Shabaab warudi nyumbani kwa msamaha, na Kwale ndiyo iliyoonja uzito wa kurudi huko: wengine waliorudi waliishi kwa kujificha, na wengine waliuawa. Tulijifunza hapo kwamba kumwita mtu arudi bila kumwandalia pa kukaa na la kufanya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni hii tunayoisema leo.

Kwamba elimu inambadilisha aliyefungwa, ushahidi upo Afrika Mashariki. Susan Kigula wa Uganda alihukumiwa kifo mwaka 2002. Akiwa katika gereza la Luzira alisoma, akaingia masomo ya sheria ya Chuo Kikuu cha London, na jina lake ndilo lililobeba kesi ya wafungwa zaidi ya 400 iliyofikia uamuzi wa Mahakama ya Juu mwaka 2009: adhabu ya kifo isiwe ya lazima. Alitoka mwaka 2016. Kenya tunaye Peter Ouko, aliyekuwa Kamiti chini ya hukumu ya kifo, akapata diploma ya sheria ya chuo hicho hicho akiwa ndani, akatoka mwaka 2016 kwa msamaha wa Rais, na leo kazi yake ni kuwazuia vijana wasiingie katika uhalifu.

Tunawaheshimu hao. Lakini tusiwafanye kipimo. Mtu wa Bodo hatakiwi kuwa shujaa ili aruhusiwe kusoma useremala. Haki isiyompata mtu wa kawaida haijawa haki.

Nchi nyingine zimelifanyia kazi jambo hili muda mrefu. Uingereza, ambayo sheria zetu nyingi za jinai tulizirithi kwake, ilipitisha mwaka 1974 sheria ya kumpa mhalifu aliyebadilika nafasi mpya: baada ya muda uliowekwa kulingana na adhabu, kosa huhesabika limekwisha, na kwa kazi nyingi halazimiki kulitaja. Sisi tulibaki na sheria za kufunga, ile ya kufungua hatukuichukua. Afrika Kusini inamruhusu mtu aombe baadhi ya makosa yafutwe baada ya miaka kumi. Marekani, jimbo la Louisiana lilipiga marufuku mwaka 2017 vyuo vyake vya umma kumuuliza mwombaji kuhusu makosa yake ya zamani, ila kwa makosa machache ya hatari kama ya kingono. Mwaka uliofuata, shirika la fomu ya pamoja inayotumiwa na mamia ya vyuo vya nchi hiyo lilitangaza kuliondoa swali hilo katika fomu yake. Hakuna nchi kati ya hizo iliyosema wizi ni mzuri. Zilichosema ni kwamba adhabu ina kipimo.

Hapa kwetu vipande vya jibu vipo, ila havijaunganishwa. Wafungwa hufanya mitihani ya ufundi ya serikali inayosimamiwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, apimwe na kupewa cheti kinachotambulika. Ukiviunganisha vitu hivyo viwili, seremala wetu hana haja ya kuanza na somo la kutambua nyundo. Apimwe kwanza anachokijua, aanzie pale alipofika, amalize mapema, atumie karo kidogo. Mzee hana miaka ya kupoteza.

Haya ndiyo tunayoyadai.

Bunge lipitishe sheria ya kukomesha rekodi. Ieleze makosa gani hayafutiki kamwe, na makosa mengine yakae miaka mingapi kulingana na uzito wa adhabu. Mtu akikaa muda huo bila kosa jipya, cheti chake kitoke safi bila kumlazimu kuajiri wakili wala kumjua mkubwa. Wabunge wa Msambweni, Matuga, Kinango na Lunga Lunga wawe wa kwanza kuusimamia mswada huo, kwa sababu vijana wao ndio wanaokwama.

DCI nayo, hata kabla ya sheria hiyo, iangalie cheti inachokitoa. Kosa likiandikwa, na iandikwe pia kwamba adhabu imetumikiwa yote na kwamba tangu mwaka fulani hakuna kosa jingine. Huo nao ni ukweli, na umo katika kumbukumbu zao.

Vyuo vimweleze mwombaji ukweli siku ya kwanza. Kuna kozi ambazo mwisho wake ni leseni inayodai cheti cha tabia njema, na kuna kozi ambazo mtu anaweza kujiajiri bila kudaiwa. Chuo kinachojua hilo na kikanyamaza hadi mwaka wa mwisho kimemla mtu karo yake. Kila chuo kiwe na ofisa mmoja ambaye mwanafunzi wa namna hii anaweza kumfuata faraghani, akamweleza yote, na siri ikabaki pale mezani. Chuo ndicho kimtafutie pa kujifunzia kazi, kimdhamini kwa jina lake.

Wenye hoteli na wakandarasi wa Diani, Galu na Msambweni, tunawaomba jambo moja. Msiirudishe karatasi kabla hamjamwona mtu. Mwiteni, mumuulize, mpigieni chifu wake na imamu wake, mtazameni akifanya kazi siku tatu. Mkimkataa baada ya hapo, mmemkataa yeye, hamkuikataa karatasi ya miaka 16.

Kijiji nacho kina sehemu yake. Tuache kumwita mtu kwa jina la kosa lake. Barazani, kivukoni, hata kwenye harusi, kuna watu ambao bado huitwa "mwizi" au "mtu wa jela" kwa mzaha, na watoto wao wanasikia. Dini zetu zote zinafundisha kwamba toba inapokelewa. Kama Mola anaipokea, sisi ni nani wa kuiweka rafuni ikashika vumbi? Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Tumeisema methali hiyo tangu utotoni, na sasa inatudai tuitimize.

Nawe uliye Bodo au popote pwani hii, uliyesoma hadi hapa kwa sababu habari hii ni yako: nenda. Usingoje sheria ibadilike ndipo ujiandikishe. Tafuta kwanza cheti chako cha tabia njema ujue kinasema nini, ili usishtukizwe. Barua ya kuachiliwa na vyeti ulivyopata gerezani viweke mahali pakavu. Uliza chuoni, kabla ya kulipa hata shilingi, kozi hiyo mwisho wake inadai nini. Ukiulizwa kosa lako, usiseme uongo, kwa kuwa uongo ni kosa jipya, na la zamani limekwisha. Sema lilivyokuwa kwa maneno machache, sema umefanya nini tangu hapo, kisha nyamaza wakutazame.

Na wewe karani utakayempokea, mbele yako amesimama mtu aliyechukua miaka 16 kupata ujasiri wa kuvuka kizingiti hicho. Andika jina lake, mpe nambari yake, mwonyeshe darasa lilipo. Hukumu yake ilikwisha kutolewa, na mwenye kuitoa alikuwa hakimu.